Maisha ya Profesa Lars Onsager na Siri ya Fito Zinazojipanga

Katika sehemu hii ya Kiswahili mmekwisha kusoma mara nyingi habari za wafalme, wasafiri na mashujaa wa vita. Leo nataka kuwapa habari za mtu ambaye hakushika upanga wala hakutawala nchi. Silaha zake zilikuwa kalamu, karatasi na ubao. Jina lake ni Lars Onsager, mzaliwa wa Norwe, aliyefariki mwaka wa 1976. Miongoni mwa watu wasomao fizikia na kemia ya juu jina lake hutajwa kila siku, lakini nje ya hapo ni wachache walijuao.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alijibu swali moja ambalo kila mwanafunzi aweza kulielewa, ingawa jibu lenyewe laenda kinyume cha vile tunavyodhani. Pili, maisha yake yana fundisho kwa kijana yeyote aliyepata kuambiwa kwamba hafai. Na yana fundisho jingine, tena la ukali kidogo, kwa mtu mwenye akili asiyejali kama wenzake wanamwelewa au hawamwelewi.

Kuzaliwa kwake na masomo yake

Onsager alizaliwa tarehe 27 Novemba 1903 katika mji mkuu wa Norwe, uliokuwa ukiitwa Kristiania siku zile, na ambao tangu mwaka wa 1925 waitwa Oslo. Baba yake alikuwa wakili. Mwaka wa 1920 kijana Lars aliingia katika Chuo cha Ufundi cha Norwe mjini Trondheim ili ajifunze uhandisi wa kemia, akamaliza mwaka wa 1925.

Wenzake wengi walijifunza yale yaliyohitajiwa na mtihani. Yeye alijitwika mzigo zaidi. Alikuwa na kitabu kinene cha hesabu za juu kilichoandikwa na Waingereza wawili, Whittaker na Watson, kitabu ambacho maswali yake yanajulikana kwa ugumu hata leo. Onsager aliyashughulikia maswali hayo moja baada ya jingine. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo, na mhandisi wa kemia hakuhitaji sana hesabu za namna ile. Lakini mtaona mbele kwamba hesabu hizo ndizo zilizomfungulia milango iliyowashinda wengine.

Jinsi alivyomkabili mwalimu mkuu

Wakati ule palikuwa na mtaalamu mkubwa aliyeitwa Peter Debye, akifundisha mjini Zürich katika nchi ya Uswisi. Mwaka wa 1923 Debye na msaidizi wake Hückel walikuwa wametoa maelezo mapya juu ya maji yenye chumvi. Ni lazima niyaeleze kwa ufupi, kwa maana yatatufaa baadaye.

Mtu akitia chumvi katika maji, chumvi hiyo hugawanyika ikawa chembe ndogo sana ziitwazo ioni. Nyingine zina umeme chanya, nyingine zina umeme hasi. Ioni za namna moja husukumana, na za namna mbili mbalimbali huvutana. Kwa hiyo kila ioni hujikuta imezungukwa na ioni za namna ya pili, kana kwamba imejivika wingu. Debye na Hückel walipiga hesabu ya wingu hilo, wakaeleza jinsi linavyoupunguza mwendo wa ioni umeme unapopita majini.

Onsager, akiwa bado kijana wa miaka 21, aliona kasoro. Debye alikuwa amehesabu kana kwamba ioni moja hutembea katika mstari ulionyoka huku nyingine zote zikitikisika ovyo kwa sababu ya joto. Onsager alisema kwamba hata ioni hiyo yenyewe hutikisika kama ndugu zake, haina upendeleo. Aliposahihisha jambo hilo, hesabu ikakubaliana vizuri zaidi na vipimo vya maabara.

Basi mwaka wa 1925 alisafiri hadi Zürich, akaingia katika ofisi ya Debye, akamwambia moja kwa moja kwamba maelezo yake juu ya umeme na maji ya chumvi yana makosa. Fikirini, wasomaji, kijana asiyejulikana kwenda kumwambia hivyo bingwa wa Ulaya nzima! Debye angeweza kumfukuza. Badala yake alimketisha, akamsikiliza, na mwaka uliofuata akampa kazi ya kuwa msaidizi wake. Mimi huwasifu wote wawili kwa jambo hili. Yule kijana alikuwa na ujasiri kwa sababu alikuwa amefanya hesabu kwanza, kisha akasema. Na yule mkubwa hakuona haya kusahihishwa na mdogo.

Taabu zake Marekani

Mwaka wa 1928 Onsager alivuka bahari akaenda Marekani, kufundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Aliwekwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mambo hayakwenda vizuri hata kidogo. Hakujua kuyashusha mambo yakafika kwa mwanafunzi wa kawaida, na baada ya muhula mmoja aliachishwa kazi. Akahamia Chuo Kikuu cha Brown, akakaa miaka mitano. Huko nako wanafunzi wengi walilalamika kwamba hawamfuati, lakini wachache wenye bidii walinufaika sana naye. Mmoja wao, Raymond Fuoss, baadaye akawa profesa mashuhuri.

Akiwa Brown, mwaka wa 1931, alitoa kazi ambayo ndiyo iliyompa heshima kubwa baadaye. Kwa maneno machache, alionyesha jambo hili. Joto likitofautiana baina ya sehemu mbili za kitu, si joto peke yake linaloweza kusafiri. Laweza kusukuma na umeme pia, au chumvi iliyoyeyuka. Na umeme ukisafiri waweza kusukuma joto. Onsager alithibitisha kwamba misukumo hiyo miwili ya kubadilishana ina kipimo kimoja: kadiri la kwanza linavyolisukuma la pili, ndivyo la pili linavyolisukuma la kwanza. Ni sheria ya haki katika maumbile, na yatumika mahali pengi mno.

Aliipeleka kazi hiyo katika chuo chake cha zamani cha Trondheim ili apewe shahada ya udaktari. Wakubwa wa chuo waliitazama, wakaamua kwamba haifai kuwa tasnifu. Hivyo akabaki bila shahada.

Mwaka wa 1933 hali ya fedha ilikuwa mbaya katika Marekani yote, na Brown haikuweza kuendelea kumlipa. Akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Yale. Kabla ya kuanza alikwenda Ulaya kumtembelea mtaalamu mwenziwe, na huko Austria akakutana na shemeji wa mwenyeji wake, binti Margrethe Arledter. Baada ya siku chache tu walichumbiana, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule wakafunga ndoa. Mungu akawajalia watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja.

Yale walipogundua kwamba mtaalamu wao mpya, aliyechukuliwa kwa kazi ya daktari wa elimu, hana udaktari, wakamwambia aandike chochote alicho nacho. Akaandika tasnifu juu ya aina fulani ya hesabu ngumu. Wanakemia waliisoma wakashindwa. Wanafizikia nao wakashindwa. Ikapelekwa kwa wanahesabu, nao wakafurahi sana, wakasema kwamba idara ya kemia isipotaka kumpa shahada, wao watampa. Ndipo wanakemia wakampa, mwaka wa 1935. Kwa hiyo mtu aliyekuwa amekwisha kuandika kazi kubwa kama ile ya 1931 alipata udaktari wake miaka minne baadaye, kwa jambo jingine kabisa.

Swali la fito

Sasa nakuja kwenye jambo nililosema kila mwanafunzi aweza kulielewa.

Wakulima wetu waujua sana ugonjwa wa batobato, unaotia mabaka ya manjano na kijani kwenye majani ya muhogo. Tumbaku, mmea ule ule ulimwao Tabora na West Nile, nayo ina batobato yake, iletwayo na kirusi kingine. Kirusi hicho cha tumbaku kina umbo la fito iliyonyoka: urefu wake ni nanomita 300 na unene wake nanomita 18. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Fito hiyo haipindiki kwa urahisi, na kwenye ngozi yake imejaa umeme hasi.

Mwaka wa 1936, huko Uingereza, mabwana Bawden, Pirie, Bernal na Fankuchen walikisafisha kirusi hicho wakakitia katika maji. Waliona ajabu. Maji yenye kirusi kidogo yalikuwa kama maji ya kawaida. Lakini yalipokuwa na kirusi cha kutosha, yalijigawa yenyewe matabaka mawili. Walipoyatazama kati ya vioo viwili vya kuchuja mwanga, vile ambavyo vikipishanishwa huwa giza tupu, tabaka la juu lilibaki giza, na tabaka la chini likang'aa. Mng'ao ule ulionyesha kwamba katika tabaka la chini fito zimejipanga, zote zikielekea upande mmoja, ingawa zilikuwa bado zinatembea majini. Kitu cha namna hiyo, kitiririkacho kama maji lakini chenye mpango kama fuwele, huitwa fuwele kimiminika. Kabla ya hapo, mwaka wa 1925, Mjerumani Zocher alikuwa ameona jambo linalofanana na hili katika chembe ndefu za oksidi ya vanadiamu.

Swali likawa: ni nani aliyezipanga fito? Wataalamu wengi walidhani kwamba lazima iwepo nguvu fulani ya kuzivuta pamoja. Mtu akiona askari wamesimama mistari, hudhani yupo sajini aliyepiga kelele. Lakini fito hizi zina umeme wa namna moja, nazo husukumana. Watu wanaokimbiana watajipangaje?

Jibu la Onsager

Onsager alitoa muhtasari wa jibu lake mwaka wa 1942, na maelezo kamili yakachapishwa mwaka wa 1949 katika jarida la Chuo cha Sayansi cha New York. Alisema kwamba hakuna sajini. Fito hujipanga kwa sababu ya kutafuta nafasi tu.

Nitumie mfano wa kwetu. Fikirini watu wanaorudi kutoka msituni, kila mmoja ana fito ndefu begani. Wakiwa watatu uwanjani, kila mtu aweza kugeuka atakavyo. Wakiwa mia mbili ndani ya uwanja ule ule, mwenye kugeuka atampiga mwenziwe. Wakiendelea kushika fito ovyo, huyu kaskazini, yule mashariki, hakuna atakayeweza kupiga hata hatua moja. Lakini fito zote zikielekea upande mmoja, watu watapishana vizuri. Kila mtu amepoteza uhuru wa kugeuka, lakini amepata uhuru wa kutembea. Watu wakiwa wachache, uhuru wa kugeuka una thamani zaidi. Wakiwa wengi, uhuru wa kutembea una thamani zaidi. Basi pana kiasi fulani cha watu ambapo mizani hugeuka.

Onsager hakuishia kwenye mfano, alipiga hesabu. Chukueni fito yenye unene wa kipimo 1 na urefu wa vipimo 100. Fito mbili zikipishana kwa umbo la msalaba, kila moja humnyima mwenziwe nafasi ya vipimo vya ujazo kama 20,000, maana hesabu yake ni mara mbili ya urefu, mara urefu tena, mara unene. Zikilala sambamba, nafasi inayopotea ni kama 630 tu. Tofauti ni zaidi ya mara thelathini! Kutokana na hapo alionyesha kwamba fito nyembamba na ndefu hazina haja ya kujaza chombo ndipo zijipange. Kwa fito ya urefu mara 100 ya unene, mpango huanza fito zikiwa sehemu 3 au 4 tu katika kila 100 za ujazo wa maji. Na alionyesha kwa nini matabaka ni mawili: fito zisizojipanga zaweza kukaa kwa amani kando ya fito zilizojipanga, zile zikiwa chache kidogo na hizi zikiwa nyingi kidogo.

Hili ndilo jambo liendalo kinyume cha mawazo yetu. Tumezoea kufikiri kwamba vitu vikiachwa viende ovyo, matokeo ni fujo. Onsager alionyesha kwamba mtikisiko ule ule wa joto, usio na nia wala amri, waweza kuzaa mpango. Wataalamu hupima wingi wa njia ambazo chembe zaweza kukaa kwa kipimo kiitwacho entropia. Fito zikijipanga, entropia ya kugeuka hupungua, lakini ile ya kutembea huongezeka zaidi. Hesabu yote ikijumlishwa, faida imepatikana.

Na umeme je? Hapa ndipo mafunzo ya Zürich yalipomrudia. Kirusi kina umeme, kwa hiyo nacho hujivika wingu la ioni. Fito mbili hazigusani ngozi kwa ngozi. Husukumana mawingu yakianza kukutana. Kwa hiyo, akasema Onsager, tuhesabu unene wa fito pamoja na wingu lake. Katika maji yenye gramu 6 hivi za chumvi ya mezani kwa kila lita, wingu lina unene wa nanomita 1 hivi. Chumvi ikipunguzwa mara 100, wingu hufika kama nanomita 10. Hapo fito ya nanomita 18 hujifanya kana kwamba unene wake ni zaidi ya mara mbili, na fito chache zaidi zatosha kuleta mpango. Ukiongeza chumvi, mawingu husinyaa, fito hurudi kuwa nyembamba, na lazima ziongezwe ndipo zijipange. Hivyo mtu mwenye kijiko cha chumvi aweza kuutawala mpango wa fito bila kuzigusa.

Jambo hili lilieleza pia kwa nini kirusi cha tumbaku hujipanga mapema. Urefu wake ni kama mara 17 tu ya unene wake. Kwa hesabu ya fito zisizo na umeme, ingetakiwa sehemu kama 20 katika 100. Lakini katika maji yenye chumvi kidogo matabaka huonekana fito zikiwa chache sana kuliko hizo. Wingu la ioni ndilo limefanya kazi.

Waliomfuata Onsager waliongeza mengi. Mwaka wa 1981 Warusi Khokhlov na Semenov walieneza hesabu hiyo kwa polima zinazopindika kidogo, maana si kila uzi ni fito. Mwaka wa 1986 Stroobants, Lekkerkerker na Odijk walionyesha kwamba fito zenye umeme huchukia kulala sambamba, zikapendelea kujipinda kidogo kama msalaba, na jambo hilo huupinga mpango kwa kiasi fulani. Lakini msingi wa nyumba ni ule ule wa 1949.

Faida yake ni nini?

Najua mwanafunzi atauliza, yanatufaa nini haya? Nitajibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza umo ndani ya miili yetu. DNA, uzi unaobeba urithi kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto, ni polima ngumu yenye umeme hasi mwingi. Unene wake ni nanomita 2, na hubaki umenyoka kwa kiasi cha nanomita 50 kabla ya kuanza kupinda. Vipande vyake vifupi vikitiwa kwa wingi katika maji ya chumvi hujipanga vikawa fuwele kimiminika, kila tabaka likigeuka kidogo juu ya jingine kama ngazi ya kuzunguka. Mtu atakaye kuelewa jinsi uzi mrefu namna ile unavyoshindiliwa ndani ya chombo kidogo, kama kichwa cha kirusi, hawezi kuukwepa mlango aliofungua Onsager.

Wa pili umo viwandani. Mwaka wa 1965 bibi mmoja wa Marekani, Stephanie Kwolek, alipata myeyuko wa ajabu wa polima ngumu, mwembamba kama maji na wenye ukungu. Molekuli zake zilikuwa zimejipanga zenyewe. Aliposokota nyuzi kutoka katika myeyuko ule, zikatoka na nguvu kubwa mno. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Kevlar, ambayo hutiwa katika fulana za kuzuia risasi. Polima hiyo husokotwa ikiwa katika asidi ya salfa, ikiwa fuwele kimiminika.

Nawatahadharisha jambo moja. Fuwele kimiminika zilizomo katika vioo vya saa na televisheni ni jamaa za hizi, lakini si zile zile. Hizo ni molekuli ndogo, na mpango wake huja au huondoka kwa joto. Fito za Onsager hubadilika hasa kwa wingi wao majini.

Heshima na mwisho wake

Mwaka wa 1944 Onsager alitoa kazi nyingine ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ndiyo kilele cha hesabu zake. Alichukua mfano wa sumaku uliopangwa kama ubao wa dama, kila nyumba ikiwa na kisumaku kinachotazama juu au chini, akakokotoa sawasawa, bila kukadiria, joto ambalo sumaku hiyo hupoteza nguvu. Wengi walikuwa wameshindwa. Mwaka wa 1945 akawa raia wa Marekani, na Yale wakampa kiti cha uprofesa chenye jina la Gibbs.

Mwaka wa 1948, katika mkutano huko Cornell, alisimama akaandika ubaoni kanuni ya nguvu za sumaku ile. Hakueleza ameipataje. Wataalamu walihangaika nayo, mpaka mwaka wa 1952 bwana C. N. Yang alipochapisha uthibitisho. Kanuni ilikuwa sahihi.

Hapo pana udhaifu wake, nami sitauficha. Darasani mara nyingi alisema na ubao kuliko na watu. Wanafunzi wa Yale waliyatania mafundisho yake, wakayaita Kinorwe cha Kwanza na Kinorwe cha Pili, kwa maana waliona kama anafundisha kwa lugha ya kwao. Wote waliomjua wasema kwamba alikuwa mpole, mwenye ucheshi na asiye na kiburi. Lakini aliona jibu kwa wepesi mno hata akasahau kwamba wengine hawalioni.

Mwaka wa 1968 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, kwa kazi ile ya mwaka wa 1931. Ilikuwa imepita miaka 37. Chuo cha Trondheim, kilichoikataa kazi hiyo, kilikuwa kimekwisha kumpa udaktari wa heshima mwaka wa 1960. Mwaka wa 1972 alistaafu Yale akahamia Chuo Kikuu cha Miami, akaendelea na utafiti hadi mwisho. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1976 huko Coral Gables, Florida.

Alizikwa mjini New Haven, kando ya kaburi la profesa mwenziwe John Kirkwood. Jiwe la Kirkwood limejaa orodha ndefu ya vyeo na tuzo. Jiwe la Onsager lilikuwa na jina lake na habari ya kwamba alipata Nobel, basi. Mkewe alipofariki mwaka wa 1991, watoto waliongeza kinyota kidogo kando ya habari ile, na chini yake maelezo mafupi yenye maana ya na kadhalika tu. Naona walimjua vizuri baba yao.

Maneno kwa vijana

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi mliokwisha kuondoka shuleni, si wote tutakaopata akili ya namna ile. Lakini kuna mambo yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza, cheti ni kitu kizuri, nami nawasihi mkitafute. Lakini cheti ni ushahidi wa watu, na watu huweza kukosea. Waliomnyima Onsager udaktari walikuwa wasomi, nao walikosea. Kazi njema ilingoja, kwa maana kazi njema haiozi.

La pili, mwenye kusahihisha wakubwa na afanye hesabu kwanza. Onsager hakwenda Zürich na kelele, alikwenda na jibu.

La tatu nalisema kwa masikitiko kidogo. Ni wanafunzi wangapi waliokaa mbele ya mtu huyu aliyekuwa na hazina yote ile, wakatoka mikono mitupu? Uthibitisho wa ile kanuni ya Cornell ulihitaji mtu mwingine na miaka minne. Kwa hiyo, ukijua jambo, mweleze mwenzio wa nyuma yako darasani, tena kwa lugha anayoisikia. Ukishindwa mara ya kwanza, tafuta mfano mwingine. Onsager alijua vyema jinsi fito moja inavyoipa nyingine nafasi ya kutembea. Sisi nasi tupeane nafasi hiyo katika elimu.